Nati yazunguka na boliti

SWALI: Shikamoo fundi. Nafunga keria juu ya tuktuk yangu, Likoni. Nimepachika nati za ribiti (zile zibanwazo ndani ya tundu la bati kwa koleo lake) za M6, yaani za boliti ya milimita 6, kwenye bati, lakini nikikaza boliti, nati yazunguka nayo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umetoboa kwa keekee ya ngapi? Nati nyingi za M6 zataka tundu la milimita 9. Ukipitisha keekee ya 10, vuta koleo la ribiti mpaka mkono uume, haishiki. Mimi niliharibu sita kwenye mlango wa boti: nati zilikuwa za bati nene, langu jembamba, tumbo la nati, lile lifuralo nyuma ya bati, halikubana. Hiyo izungukayo ibane ukingo kwa koleo la kawaida, itoboe itoke, panua tundu hadi 11, tia ya M8. Na kwa chumvi yetu hii ya bahari, paka rangi tundu kwanza.