Maji Peke Yake Hayalainishi Uso

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira iliyofunikwa na adabu. Anasema kwamba alitengeneza maji ya kupuliza usoni kama nilivyoeleza hapo awali, yaani maji yenye gliserini kidogo, akawa anayatumia kutwa nzima akiwa kazini, na sasa mashavu yake yamekakamaa na ngozi ya kandokando ya pua inabanduka kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza. Nilipomuuliza alichotia ndani ya chupa, alinijibu kwamba gliserini aliiacha kwa sababu inanata, badala yake akakamulia nusu ya limau, kisha akaongeza matone ya mafuta ya mnanaa ili yanukie vizuri. Kwa hiyo nilichoeleza mimi hakukifuata hata kidogo. Hata hivyo namshukuru, kwa kuwa malalamiko yake yamegusa jambo ambalo wengi wetu tunaotamani uso mwororo tunalipita mbiombio.

Maji matupu yakipulizwa usoni huburudisha kwa dakika chache, kisha hukauka na kutoweka hewani. Tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni seli zilizokufa zilizoshikanishwa na mafuta, hunywa maji hayo na kuvimba kidogo, lakini lisipopata kitu cha kuyashikilia hurudia ukavu wake, na likiroweshwa na kuachwa likauke mara kwa mara huzidi kudhoofika. Mwenye mazoea ya kulamba midomo inapokauka anaijua hali hiyo vizuri. Kazi ya gliserini ni kuvuta maji na kuyashikilia pale ngozini, na ile hali ya kunata ambayo msomaji wangu aliikimbia hutokana na kuzidisha kipimo. Kwa mililita 100 za maji, mimi hutia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yaani mililita 5, na mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuishia kwenye nusu ya kijiko hicho.

Naomba niseme pia jinsi nilivyofika hapa, kwa sababu sikufika kwa furaha. Nilikuwa dukani nikichagua losheni, na muuzaji akaniinua kidevu kwa vidole viwili mbele ya wateja wengine, akanigeuza uso upande wa mwanga na kusema kwa sauti kwamba ngozi yangu imechoka. Nilinunua chupa aliyonipa kwa aibu tu, ilimradi niondoke. Nilipofika nyumbani niliisoma lebo yake kuanzia juu hadi chini: maji, gliserini, manukato, na dawa ya kuhifadhi. Viambato vya vipodozi kwa kawaida hutajwa kwa kufuata wingi wake, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunifafanulia kwamba nilikuwa nimelipia maji yenye gliserini kwa bei ya kutisha. Tangu siku hiyo natengeneza yangu mwenyewe, na leo ndugu zangu na wenzangu wa kazini ndio wanaoniuliza ninapaka nini. Sijarudi kumwonyesha yule muuzaji, ingawa nimewahi kupita mbele ya mlango wake polepole kuliko ilivyohitajika.

Hata hivyo, ile dawa ya kuhifadhi iliyotajwa mwishoni mwa lebo haikuwekwa kama pambo, na hapo ndipo wanaojitengenezea nyumbani hujisahau. Maji yakikaa chupani bila kihifadhi huota bakteria na ukungu, na majani, matunda au utomvu wa mshubiri ukitiwa humo, vijidudu hivyo huwa vimeandaliwa chakula. Siku moja inua chupa iliyosahauliwa mezani uielekeze kwenye mwanga, kisha tazama pale mrija unapogusa chini: utaona utelezi mwembamba, au vinyuzi vinavyoelea, na hicho ndicho kinachopulizwa juu ya vipele na mikwaruzo midogo ya uso wako. Tena maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa na bado yakawa yameharibika, kwa hiyo macho yasiwe ndiyo kipimo chako. Mimi hutumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, na nikiyakosa huchemsha maji safi nikayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hutengeneza kiasi kidogo, huyaweka kwenye jokofu, na yakifikisha wiki moja humwagwa hata kama chupa imejaa nusu. Chupa na mrija wake huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, husuuzwa, hupulizwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa vikauke kabisa kabla ya kutiwa maji mapya. Hakuna mkato hapa. Mtu anayetaka uso unaong'aa lakini anaona uvivu kuosha chupa ni heri anunue dukani.

Kuhusu limau, asidi yake ni kali mno kwa uso: pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikipungua ukali huzidi, ni karibu 2, ilhali ya ngozi iko karibu na 5. Zaidi ya hapo, maji ya limau yakibaki ngozini na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi yanayodumu kwa muda mrefu. Mafuta ya mnanaa nayo hayachanganyiki na maji hata ukitikisa chupa mpaka mkono uchoke. Huelea juu, mrija huvuta maji ya chini kwanza, na chupa inapokaribia kwisha unajipulizia mafuta makali yasiyochanganywa na kitu. Anayetaka harufu atumie maji ya waridi yasiyo na rangi wala manukato ya kiwandani, nayo ayajaribu kwanza upande wa ndani wa mkono na kusubiri siku nzima.

Jambo la mwisho ndilo ninalolirudia kila mara na ndilo linalopuuzwa kila mara: ukishapuliza, paka losheni au mafuta mepesi uso ukiwa bado na unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Fumba macho, zuia pumzi, shika chupa umbali wa kama sentimita 20, puliza mara mbili au tatu, kisha paka. Kupuliza kutwa nzima bila kupaka chochote ndiko kulikomfikisha msomaji wangu alipo. Kwake nasema: dada, mwaga hiyo chupa leo, pumzisha uso kwa losheni isiyo na manukato mpaka ngozi iache kubanduka, na ikiendelea kuwasha au kutoa majimaji, muone daktari wa ngozi kabla ya kutengeneza chupa nyingine.