Picha za ndege za babu yako, usizitupe!

Ndugu yangu umeuliza kama hizo picha za babu za mafundi wamefungua injini ya ndege pale Port Reitz, Mombasa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zina maana yoyote manake hazionyeshi mapigano. Wallahi usizitupe. Za rubani anacheka kando ya ndege zimejaa, serikali ya Mwingereza yenyewe ilikua inazipiga kwa propaganda, lakini fundi ameshika spana na kifuniko cha injini kiko chini hapo ndo unaona mipaipu imepita wapi, rangi imebanduka wapi, kiraka kimepigwa vipi. Wanaofufua ndege za zamani wanazitafuta sana hizo, sababu michoro ya kiwandani haikuambii fundi alibadilisha nini na hili joto letu na chumvi ya bahari.

Halafu ni historia yetu pia bana. 1942 Wajapani walipopiga Colombo kule Sri Lanka, manowari za Mwingereza zikahamia Kilindini, ndege zao zikawa zinatua Port Reitz, hapo hapo ilipo eapoti ya Moi sahi. Sasa nani alikua anasukuma ndege, anabeba mapipa? Angalia wale watu wa nyuma nyuma kwenye picha, mimi hao ndo nawataka.

Soma namba karibu na mkia, hiyo inafuatilika kwenye rekodi. Rangi usibishanie, filamu zingine za zamani za nyeusi na nyeupe zilikua zinatoa manjano kama nyeusi. Skani mbele na nyuma, usipige laminesheni, na majina unayoyajua andika nyuma kwa penseli laini sio bairo.