Kabla hujalipia fomu ya uzamili: ushauri kwa walimu, wauguzi na wachungaji wa huku kwetu

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mwalimu wa sekondari aliyeko Bungoma, magharibi mwa Kenya. Ana shahada ya elimu, daraja la pili la chini, amefundisha miaka mitano, na anataka kusomea uzamili wa usimamizi wa elimu katika chuo cha Kikristo. Swali lake: "Niende Kabarak au Baraton?" Namshukuru kwa kuuliza kabla hajatoa hela, maana wengi huuliza wakiwa wameshakwama. Lakini, mwalimu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ukishamaliza mitihani ya darasani, nani atakusimamia mpaka uvae joho?

Nalisema kwa uchungu. Darasani watu hupita. Kinachowaangusha ni ile njia ndefu kati ya mtihani wa mwisho na siku ya kutetea tasnifu. Yuniti zote zimepita, karo imelipwa, halafu mtu anakaa mwaka, wa pili, wa tatu, pendekezo la utafiti likienda na kurudi, na ada ya kuendelea kusajiliwa ikidaiwa kila muhula. Huyo hakukosa akili. Alichagua chuo kwa jina lake au kwa sababu mchungaji wake alisoma pale, asiulize lolote kuhusu usimamizi.

Tuanze na mlango wa kuingilia, kwa kuwa hapo hapana fumbo kubwa. Mwenye daraja la pili la juu au la kwanza huingia uzamili moja kwa moja. Mwenye daraja la pili la chini huombwa uzoefu wa kazi, kwa kawaida miaka miwili baada ya kufuzu. Mwalimu wetu anao. Lakini uzoefu huthibitishwa kwa barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza kazi, si kwa hati ya mshahara. Walioajiriwa na bodi ya shule kabla ya kuchukuliwa na TSC, tume ya serikali inayosajili na kuajiri walimu, ndio huumia hapa: miaka ya bodi ipo, barua haipo, na mwalimu mkuu wa wakati ule ameshahamishwa. Itafute barua hiyo sasa, ukiwa bado hujajaza fomu. Weka pia transkripti za miaka yote, si cheti cha shahada peke yake. Jina likiwa tofauti kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne) na shahada, nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo mapema. Vyuo vya Kikristo mara nyingi huomba pia barua ya mchungaji. Mpe mchungaji muda, na umwambie unachokwenda kusomea, asije akaandika mistari miwili kwamba wewe ni mshirika mwaminifu.

Kuna njia za pembeni ambazo watu huzipuuza. Mwenye shahada ya sanaa au sayansi anayetaka kufundisha hahitaji kurudia shahada nzima. Ipo diploma ya uzamili ya elimu. Angalia tu cheti chako cha KCSE kabla hujalipa: TSC inataka wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Ukiwa na C katika mojawapo, diploma hiyo haitakupa namba ya TSC hata ukiipita kwa alama za juu. Kwa daktari aliyemaliza mafunzo ya kazi na kusajiliwa, Kabarak ina uzamili wa tiba ya familia wa miaka minne, na sehemu kubwa ya mafunzo yake hufanyika kwenye hospitali za misheni kama Chogoria na Kijabe. Hiyo si kozi ya wikendi. Ni kuhama nyumba.

Sasa Kabarak au Baraton. Kabarak, iliyoanzishwa na Rais Daniel arap Moi na kupata hati ya kudumu mwaka 2008, iko kilomita kama 20 kutoka jiji la Nakuru ukielekea Eldama Ravine. Baraton ni ya Waadventista Wasabato, iko Nandi upande wa Kapsabet, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kati ya vyuo vikuu vya kibinafsi nchini kupewa hati hiyo, mwaka 1991. Vyote viwili vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tofauti utakayoiona kwenye ratiba ni Sabato: Baraton hakuna somo wala mtihani tangu jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, na bwalo la chuo halipiki nyama. Kama kanisa lako huabudu Jumapili na wewe ndiwe mwimbishaji, uliza kama Jumapili ni siku ya masomo. Uliza pia kuhusu mfumo wa likizo, ule wa walimu kusoma Aprili, Agosti na Desemba. Kwa mtu wa Bungoma, huo ndio utakaoamua kama utalipa nauli ya kila wikendi au utalala hosteli mara tatu kwa mwaka.

Tarajia pia angalau somo moja la imani na taaluma. Usilidharau. Huandikiwa insha, husahihishwa kwa ukali uleule, na wapo wanaolirudia kwa sababu waliandika mahubiri pale walipoombwa hoja.

Kuhusu fedha, nitasema mawili. Kwa mzazi anayempeleka mtoto kusomea shahada ya kwanza: tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza 2023, mwanafunzi mpya wa chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ule ufadhili wa serikali usiorudishwa haumhusu. Kwa mwalimu: miongozo ya TSC ya mwaka 2018 haikupandishi cheo moja kwa moja kwa sababu umepata shahada ya juu. Kama hesabu yako yote ya kulipa mkopo imejengwa juu ya nyongeza ya mshahara, ipige upya. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alimtaka mjenzi wa mnara aketi kwanza ahesabu gharama, na gharama za uzamili haziishi kwenye karo. Kuna ada ya kamati ya maadili ya utafiti, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inayotoa ruhusa ya utafiti), kuchapisha hojaji, nauli ya kuzipeleka na kuzirudia, mtakwimu kama huwezi kuchambua mwenyewe, na kujalidi nakala za mwisho. Hizo huja kwa mpigo, ndani ya miezi michache, na mara nyingi karo ya muhula nayo iko palepale.

Msimamizi kwanza, mada baadaye

Kabla hujalipia fomu, ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta wahadhiri wa idara unayoitaka, na usome kichwa na ikisiri ya makala waliyoyaandika karibuni. Tafuta wawili ambao kazi yao inagusa unachokitaka. Waandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, unafundisha wapi, tatizo gani unaliona kazini, na kama wana nafasi ya kusimamia mwanafunzi mwaka ujao. Aya mbili zinatosha. Kisha piga simu ofisi ya masomo ya uzamili uulize mambo matatu: kila msimamizi ana wanafunzi wangapi kwa sasa, pendekezo hutetewa mara ngapi kwa muhula, na msimamizi akiondoka chuoni mwanafunzi wake hufanyiwa nini. Ofisi ikishindwa kujibu hilo la tatu, jihadhari.

Uliza pia kama programu ina tasnifu. Zipo za masomo matupu, au masomo na mradi mdogo, na huvutia kwa sababu huisha haraka. Lakini ukitaka uzamivu baadaye, vyuo vingi hutaka kuona tasnifu uliyoiandika na kuitetea. Ukikosa, unaweza kurudishwa nyuma kufanya utafiti ambao ungeufanya tangu mwanzo. Na uzamivu wenyewe, kwa miongozo ya Tume ya mwaka 2014, unadai uwe umechapisha makala mawili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Jarida linaloahidi kukuchapishia ndani ya siku chache ukilipa, likimbie.

Mada isiwe pana. "Mchango wa uongozi wa shule katika matokeo ya KCSE magharibi mwa Kenya" haitetewi. Jopo litakuuliza uongozi upi, matokeo ya miaka ipi, kaunti zipi, na hutakuwa na jibu. "Ushirikishwaji wa walimu katika upangaji wa bajeti na ari yao ya kazi katika shule za kutwa za kaunti ndogo ya Rongai" inatetewa, kwa sababu kila neno lina kitu cha kupimwa.

Sampuli ndiyo inayoliza watu wengi. Tuseme una walimu 400. Fomyula ya Yamane, inayotumiwa sana huku kwetu, hugawanya idadi yote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalolikubali. Kwa kosa la 0.05: 400 mara 0.0025 ni 1, jumlisha 1 ni 2, na 400 ukigawanya kwa 2 unapata 200. Ongeza asilimia 10 kwa hojaji zitakazopotea, unachapisha 220. Kosa la kawaida ni kuzigawa hizo 220 kwenye shule nne zilizo karibu na kwako. Zigawe kwa uwiano: shule yenye walimu 40 kati ya 400 ipate 22. Walimu wakuu wakiwa 20 tu, usichukue sampuli, wahoji wote. Na kwa utafiti wa mahojiano ya kina usitumie fomyula hii kabisa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Vibali vina mpangilio wake

Hapa ndipo miezi hupotelea. Unatetea pendekezo, unasahihisha, unapata barua ya ofisi ya uzamili. Barua hiyo na pendekezo lililosahihishwa huenda kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI; Kabarak inayo yake, Baraton vilevile, na kwa utafiti wa afya Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ina kamati yake. Ukishapata cheti cha maadili ndipo unaomba kibali cha NACOSTI mtandaoni, na cheti hicho ni kiambatisho cha lazima. Kisha unakwenda kaunti: ofisi ya kamishna na mkurugenzi wa elimu, au idara ya afya ukiwa muuguzi. Mwisho kabisa ni mkuu wa shule au hospitali.

Watu huruka hatua wakidhani wanaokoa muda. Wanafanya jaribio la hojaji kabla ya cheti cha maadili, au wanakusanya data Mei wakati kibali kina tarehe ya Juni. Mtahini wa nje husoma tarehe. Akigundua, data yote inaweza kukataliwa. Kibali cha NACOSTI nacho hudumu mwaka mmoja. Kikiisha ukiwa bado uwanjani, kihuishe kwanza. Ukiwahoji wanafunzi walio chini ya miaka 18, unahitaji idhini ya mzazi kwa maandishi, na mtoto mwenyewe akubali pia.

Jaribio la hojaji lifanywe kwenye shule zisizo kwenye sampuli yako, kwa watu kama asilimia 10 ya sampuli. Wengi hutafuta alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli za hojaji zinavyokubaliana, ya 0.7 kwenda juu. Ikikujia 0.4, usitupe hojaji wala usibuni majibu. Tazama kwanza kauli zilizogeuzwa, yaani zinazosema kinyume cha nyingine. Kama kauli nyingine zinasema "mwalimu mkuu hunishirikisha" na moja inasema "mwalimu mkuu hunificha hesabu za shule", hiyo moja lazima igeuzwe kabla ya kupiga hesabu, kwenye mizani ya 1 hadi 5: 5 iwe 1, 4 iwe 2, 3 ibaki. Mara nyingi alfa hupanda hapohapo. Ni kazi ya dakika tano, na kuna watu wamelipa mtakwimu kuifanya.

Ndugu zangu, nawasihi: msinunue tasnifu. Najua zinauzwa, najua zinavyotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Umeingia chuo kinachofungua kila mkutano kwa maombi, kisha uweke jina lako kwenye kazi ya mtu mwingine? Acha hata dhambi. Kwenye utetezi, jopo huuliza kwa nini ulichagua kipimo hiki ukaacha kile, na aliyenunua hajui. Programu za kupima ufanano nazo hazina huruma. Vyuo vingi huweka kikomo kati ya asilimia 15 na 20. Ukiandika kwa maneno yako na kutaja chanzo kila unapokopa wazo, huna sababu ya kuikaribia.

Baada ya utetezi utapewa orodha ya masahihisho. Usirudishe tasnifu peke yake. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, na ukurasa ulipokifanya. Pale usipokubaliana naye, andika sababu kwa adabu ukiwa umeungwa mkono na msimamizi. Jedwali hilo humwezesha anayekagua kumaliza kazi kwa mkao mmoja, badala ya kuiweka tasnifu yako chini ya rundo la nyingine, na tarehe ya mwisho ya orodha ya mahafali haimngoji mtu. Usijalidi nakala hata moja kabla jedwali halijatiwa sahihi.