Diski za anime au malipo ya kila mwezi?
Ndugu yangu wa Ngamiani, kwa swali lako kama inafaa kuagiza diski za anime (katuni za Kijapani) hadi Tanga badala ya kulipia huduma ya mtandaoni, nakushauri ulipie mwezi kwa zile unazotaka kuzionja tu, na diski ununue za ile moja utakayoirudia kwa miaka mingi. Funimation, huduma ya Marekani ya kuonyesha anime mtandaoni, ilipofungwa Aprili 2024, nakala za dijitali ambazo wateja walizipata pamoja na diski zao zilipotea, ilhali diski zenyewe zimebaki mikononi mwao. Lakini kagua ukanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imewekewa kuchezwa, kabla ya kulipa, kwani diski nyingi za Blu-ray (za video za ubora wa juu) za Japani na Marekani ni za ukanda A, nasi Afrika tumo ukanda B, na mashine ya kawaida ya hapa itazikataa. Gharama ya kusafirisha na kodi pia uzihesabu mapema.