Oili ya pikipiki ya zamani na klachi inayoteleza
Ndugu, umeuliza kama oili ya gari inaifaa pikipiki yako ya zamani, ambayo sasa injini huvuma mlimani bila mwendo kuongezeka. Kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huloa katika oili ileile inayolainisha injini na gia, oili ya gari iliyotiwa kemikali za kupunguza msuguano, hasa ile nyepesi, inaweza kuzifanya pleti zake ziteleze. Tafuta kwenye chupa alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) MA au MA2, za klachi inayoloa katika oili, wala si MB, ya oili yenye msuguano mdogo. Uzito wa oili, yaani wepesi wake wa kutiririka, ufuate kitabu cha pikipiki, mara nyingi 10W-40 au 20W-50. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu oili, hakikisha waya wa klachi una ulegevu kidogo kwenye mkono wa klachi, maana ukikazwa mno klachi huteleza hata ndani ya oili bora.