Usipandishe presha ya tabo kabla ya kuikagua injini

Ndugu, nimeelewa kwamba gari lako la petroli bado liko kama lilivyotoka kiwandani, na unataka kupandisha presha ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kutoka baa 0.7 hadi 1.2 kwa kuweka vali ya kudhibiti presha peke yake. Nakusihi usianzie hapo, kwa sababu hewa ikizidi bila mafuta kuongezeka sawia, joto hupanda, injini huanza kugonga (mafuta hulipuka yenyewe ndani ya silinda), na pistoni inaweza kutoboka.

Pima kwanza kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, kagua mabomba ya mpira ya hewa kama yanavuja, kisha chomoa plagi uzitazame: chembe ndogo zinazong'aa kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni, dalili kwamba injini imekwisha kugonga. Niliwahi kuzipuuza chembe hizo, nikalazimika kuifungua injini yote.

Nozeli zinazonyunyiza mafuta na pampu ya mafuta zikitosha kwa presha hiyo mpya, mpelekee gari fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu, aipange upya kompyuta ya injini huku akifuatilia uwiano wa hewa na mafuta. Oktani ya petroli, yaani kipimo cha uwezo wake wa kuzuia kugonga, isipungue ile aliyopangia fundi. Kwa kuwa nguvu itaongezeka, breki na klachi zishughulikiwe kabla ya siku ya kwenda kwa fundi huyo.