Tazameni kura zinavyogeuzwa viti

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini katika baadhi ya nchi vyama vya siasa hupokezana madaraka kwa utulivu, ilhali kwingine kila uchaguzi huishia katika moto na mabomu ya machozi. Majibu yanayosikika zaidi ni ukabila, umaskini na uroho wa viongozi. Sibishani nayo, lakini naomba kwanza tutazame jambo kavu ambalo halizungumzwi sana vijiweni, yaani namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti vya bunge.

Mfano wangu ni Lesotho, na nimeuchagua kwa makusudi. Ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na karibu wakazi wake wote ni Wasotho wenye lugha moja, kwa hiyo kisingizio cha ukabila hakina pa kushika. Hata hivyo vyama vyake vimegombana tangu kabla ya uhuru. Wakati huo kiti cha kila jimbo kilikwenda kwa aliyeongoza kwa kura, na kura za wengine hazikuleta kiti chochote. Mwaka 1965 chama cha BNP kilipata viti 31 kati ya 60 kwa kura zisizofika nusu. Mwaka 1970 waziri mkuu wake, Leabua Jonathan, alipoona anashindwa na chama cha upinzani cha BCP, alisitisha katiba, na wananchi hawakupata tena uchaguzi wa ushindani wa kweli hadi 1993. Safari hiyo BCP ilizoa viti vyote 65, na BNP, iliyopigiwa kura na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano, haikupata hata kimoja. Mwaka 1997 waziri mkuu Ntsu Mokhehle wa BCP alikihama chama chake akiwa bado madarakani, akaunda chama kipya cha LCD na kuondoka na wabunge wengi, hata BCP iliyoshinda uchaguzi ikajikuta upande wa upinzani bila kura yoyote kupigwa. Mwaka uliofuata LCD ilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80.

Niliwahi kuwa wakala wa chama katika kituo cha kupigia kura, na taswira ya usiku ule bado ninayo. Karatasi moja moja huinuliwa juu chini ya taa ya chemli, jina husomwa kwa sauti, kisha karatasi huwekwa kwenye fungu lake. Fungu letu lilikuwa nene, ila la wenzetu lilikuwa nene zaidi. Nilitia saini fomu ya matokeo kwa sababu hesabu ilikuwa ya haki, huku nikijua kwamba wale wote waliopanga foleni tangu alfajiri kwa ajili yetu hawatakuwa na mtu wa kuwasemea bungeni.

Sasa chukueni fungu hilo mlizidishe kwa nchi nzima. Mwaka 1998 wafuasi wa upinzani walipiga kambi kwenye malango ya ikulu ya mfalme katika mji mkuu, Maseru, wakidai wameibiwa. Tume ya jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikuta kasoro, lakini haikuweza kuthibitisha kwamba matokeo yalichakachuliwa. Nadhani kwa waliopiga kambi pale, kiti 1 kati ya 80 kilikuwa ushahidi tosha. Tarehe 22 Septemba majeshi ya Afrika Kusini yaliingia, ya Botswana yakafuata, na maduka ya Maseru yakateketea.

Baada ya moto ule ndipo walipokaa kubadili hesabu. Katika uchaguzi wa 2002 kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo na nyingine ya chama. Majimbo yalibaki 80, vikaongezwa viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata viti pungufu kuliko kura zao. BNP haikushinda jimbo lolote, lakini ilipata viti 21, na Maseru haikuungua.

Vyama, hata hivyo, havikosi mbinu. Mwaka 2007 LCD na mpinzani wake mpya, ABC, kila kimoja kilishikana na chama kidogo na kuwaambia wafuasi: jimboni tupigieni sisi, karatasi ya chama wapeni wao. Viti vya kufidia vikaenda kwa washirika hao wasiostahili. Werevu wake unakera, na ndiyo sababu mwaka 2012 ilirudishwa karatasi moja inayohesabiwa mara mbili, kwa mgombea wa jimbo na kwa chama chake. Katika uchaguzi huo hakuna chama kilichofikisha nusu ya viti. Waziri mkuu Pakalitha Mosisili, ambaye chama chake kipya kiliongoza kwa viti, alikabidhi ofisi kwa muungano wa Tom Thabane wa ABC. Serikali za miungano zilizofuata zilikuwa dhaifu, na mwaka 2014 wanajeshi walivamia vituo vya polisi, Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Hesabu ya kura haikuwa imegusa kambi za jeshi.

Wazee wa Zanzibar hawatashangazwa na habari hizi. Julai 1963 chama cha ASP kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika ngome zake. Vyama vya ZNP na ZPPP vikaunda serikali, uhuru ukaja Desemba 10, na mapinduzi Januari 12, 1964. Yalikuwapo mengine mazito, ya ardhi, ya rangi na ya ukoloni, lakini ni vigumu kumwambia mwenye kura nyingi kwamba ameshindwa.

Kwa Tanzania uwiano, yaani chama kupata viti kulingana na kura zake, si mgeni, kwani viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa kufuata kura ambazo vyama vimepata nchi nzima. Viti vya majimbo huenda kwa aliyeongoza, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja.